Maswali ya Wasomaji: GPA ya Chini na Safari ya Kutoka Chuo cha Jamii Kwenda Chuo Kikuu

Miongoni mwa barua tulizopokea kwa ajili ya toleo hili, tatu zimezungumzia jambo moja: mwanafunzi aliyeanza katika chuo cha jamii nchini Marekani, yaani chuo cha masomo ya miaka miwili, alama zake zikashuka, na sasa hajui kama mlango wa chuo kikuu bado uko wazi. Tumezijibu zote tatu, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu mwandishi wake alituma nakala ya transkripti yake, yaani orodha rasmi ya kozi na matokeo yake, jambo lililotuwezesha kupiga hesabu badala ya kukisia.

SWALI

Shikamoo mhariri. Mimi ni binti wa miaka 22. Wazazi wangu walitoka Kivu Kusini, nami nilizaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kabla ya familia yetu kuletwa San Diego, jimbo la California. Nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nilijiunga na chuo cha jamii nikitaka kusomea unesi, kwa kuwa ndilo jambo ambalo kila mtu nyumbani alilitarajia. Mwaka jana figo za baba zilishindwa kufanya kazi, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mimi ni kifungua mimba na ndiye ninayekijua Kiingereza vizuri, kwa hiyo nilikuwa mkalimani wake hospitalini mchana, na usiku nilifanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Muhula huo nilifeli kemia na anatomia. Kabla ya hapo nilikuwa nimepata D katika takwimu na D katika historia, na katika muhula mwingine niliacha kozi tatu katikati. GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu zote, ni 1.83 na nimepokea barua kwamba msaada wa fedha umesimamishwa. Kule hospitalini niliona kazi ya maofisa wa ustawi wa jamii, na sasa hiyo ndiyo ninayoitaka. Shangazi ananishauri nichukue kozi nyepesi nipate A nyingi ili GPA ipande. Je, kuna chuo kikuu kitakachonipokea, au niache shule nifanye kazi?

Msomaji, San Diego

JIBU

Marahaba, binti yangu, na poleni nyote kwa maradhi ya mzee. Usiache shule. Chuo kikuu kipo, tena cha umma na cha jimbo lako, na umbali uliobaki kati yako na mlango wake ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye karatasi hiyo. Inakupasa tu kuzifanya hatua zako kwa mpangilio wake, kwa sababu zikipangwa vibaya unaweza kufanya kazi kubwa kwa mwaka mzima na bado ukakuta umesimama pale pale.

California ina mifumo miwili ya vyuo vikuu vya umma, na mgawanyo wa kazi kati yake na vyuo vya jamii uliwekwa na mpango mkuu wa elimu ya juu wa mwaka 1960. Mfumo wa kwanza ni University of California, ambao watu huuita UC, na kwa mwanafunzi anayehamia kutoka chuo cha jamii akiwa mkazi wa jimbo, kiwango cha chini kabisa ni GPA ya 2.4. Wa pili ni California State University, yaani CSU, ambao kiwango chake cha chini kwa mkazi kama wewe ni 2.0. Mifumo yote miwili inataka uwe umekamilisha yuniti (kipimo cha ukubwa wa kozi) 60 za muhula zinazohamishika, yaani zinazokubaliwa na chuo kikuu. Nitakueleza kwa uwazi kwamba 2.4 ya UC ni ruhusa ya kuomba tu, kwa sababu wanaokubaliwa huwa na alama za juu zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa. Hata ule utaratibu wa UC wa kumhakikishia mwanafunzi nafasi mapema, unaoitwa Transfer Admission Guarantee, uko katika kampasi sita tu, na UC San Diego iliyo jirani nawe haimo. Kwa hiyo ningekuwa wewe, ningeielekeza nguvu yangu yote CSU.

Sasa tuitazame transkripti yako. Kila alama ina thamani yake, A ikiwa 4, B ikiwa 3, C ikiwa 2, D ikiwa 1 na F ikiwa sifuri, na thamani hiyo huzidishwa kwa yuniti za kozi husika. Umefanya kozi zenye alama za yuniti 42. Kati ya hizo, yuniti 26 zina alama za A, B na C, nazo zimekupa pointi 70. Takwimu ya yuniti 4 na historia ya yuniti 3, zote zikiwa D, zimekupa pointi 7. Kemia ya yuniti 5 na anatomia ya yuniti 4 hazikukupa kitu. Pointi 77 ukizigawanya kwa yuniti 42 unapata ile 1.83. Naomba uone kwamba katika sehemu kubwa ya masomo yako wewe ni mwanafunzi wa wastani wa karibu 2.7, na kinachokuangusha ni kozi nne tu.

Ushauri wa shangazi umetolewa kwa upendo, na wanafunzi wengi hufanya hivyo hivyo, lakini hesabu inaukataa. Chukulia kwamba umefanya yuniti 12 mpya za masomo mepesi na ukapata A katika kila moja. Pointi zako zitakuwa 125 kwa yuniti 54, yaani 2.31, na kwa macho utakuwa umevuka 2.0. Hata hivyo ile D ya takwimu itakuwa bado ipo, na CSU haimpokei mwanafunzi wa kuhamia ambaye hajafaulu masomo manne ya msingi: uandishi wa Kiingereza, mawasiliano ya mdomo, fikra tunduizi, na hisabati au takwimu. D haitoshi katika lolote kati ya hayo manne, na ni busara ujiwekee lengo la C au zaidi. Ungekuwa umepata A nne na mlango ungali umefungwa.

Ulinganishe na kurudia zile D mbili. Katika vyuo vya jamii vya California, mwanafunzi aliyepata D au F anaruhusiwa kuirudia kozi ile ile, na alama mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani katika hesabu ya GPA, ingawa ya zamani itaendelea kuonekana kwenye transkripti. Ukirudia takwimu na historia ukapata B tu, pointi zako zitakuwa 91 kwa yuniti zile zile 42, yaani 2.17. Hizo ni yuniti 7 badala ya 12, na B badala ya A. Jihadhari na mambo mawili. La kwanza, kwa kawaida kozi moja hufanywa mara tatu pekee, ukihesabu na ile ya kwanza, hivyo usijiandikishe takwimu katika muhula ambao unajua hutapata muda wa kusoma. La pili, kozi uliyopata C huwezi kuirudia ili kuongeza alama, kwa hiyo C zako ziache zilivyo na usizihuzunikie.

Kuhusu takwimu yenyewe, uliza chuoni kwako kama kuna darasa la takwimu linaloambatana na saa za msaada. Tangu sheria ya jimbo ya mwaka 2017 ilipovizuia vyuo kuwarundika wanafunzi katika hisabati za awali zisizohamishika, vyuo vingi vimeweka madarasa ya aina hiyo, ambamo mwanafunzi anasoma takwimu ya kiwango cha chuo kikuu huku akipewa msaada wa hisabati katika wiki hizo hizo. Kwa mtu anayefanya kazi usiku, msaada uliopangwa ndani ya ratiba una faida kuliko kituo cha mafunzo ambacho hutapata nafasi ya kukifikia.

Kemia na anatomia zinahitaji maelezo yake peke yake, na hapa ndipo ninapokuomba usome kwa makini, maana ni jambo ambalo wanafunzi wengi wa jamii zetu hawaambiwi. Ulifeli masomo hayo mawili katika muhula ule ambao baba alianza kusafishwa damu. Kanuni za jimbo zinaruhusu chuo kumwandikia mwanafunzi alama ya EW, yaani kujiondoa kwa udhuru, pale alipozuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake, na miongoni mwa mambo hayo ni ugonjwa katika familia pale mwanafunzi anapokuwa ndiye mwuguzaji. EW haiingii katika GPA na haihesabiwi kuwa ni jaribio mojawapo kati ya yale matatu. Ombi hupelekwa ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi pamoja na ushahidi, na kila chuo kina muda wake wa mwisho wa kubadilisha alama iliyokwisha kutolewa. Muda huo ndio adui yako, kwa hiyo ombi hili litangulie mengine yote. Omba barua katika kituo anachosafishiwa damu inayotaja tarehe alizoanza na siku za wiki anazohudhuria, na iseme kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukifuatana naye na kumtafsiria. Barua inayosema tu kwamba mzee ni mgonjwa haitoshi, kwa sababu anayelisoma ombi lako anatafuta uhusiano kati ya siku za matibabu na siku za darasa.

Ikiwa muda umepita au ombi limekataliwa, kuna utaratibu mwingine uitwao Academic Renewal, ambao huiondoa alama mbovu ya zamani katika hesabu ya GPA bila kuifuta kwenye transkripti. Kila chuo kinajiwekea masharti yake: yuniti ngapi zinaweza kuondolewa, mwanafunzi awe amefanya vizuri kwa yuniti ngapi baada ya hapo, na muda gani uwe umepita. Kwa kuwa ustawi wa jamii hauhitaji kemia wala anatomia, huna sababu ya kuzirudia kwa ajili ya shahada, na yuniti 9 hizo ndizo za kuombewa. Zikiondoka, pointi zako 91 zitagawanywa kwa yuniti 33, na GPA itakuwa 2.76. Kozi hizo bado utaziandika katika fomu ya maombi ya chuo kikuu, kwa sababu kutohesabiwa hakumaanishi kufichwa.

Yuniti ulizokamilisha hadi sasa ni 33, ukijumlisha na zile za D. Ili kufika 60 unahitaji 27 mpya, na ukiongeza 7 za kurudia, una yuniti 34 mbele yako. Nakusihi usijaribu kuzimaliza kwa mwaka mmoja. Yuniti 9 kwa muhula ni mzigo ambao mtu mwenye mgonjwa nyumbani anaweza kuubeba, na kwa mwendo huo ni mihula minne, au pungufu kidogo ukisoma wakati wa kiangazi. Ukipata wastani wa B katika hizo 27, utamaliza ukiwa na 2.87. Hata ikitokea kwamba EW na Academic Renewal vyote vimekataliwa na zile F mbili zimebaki katika hesabu, utafika karibu 2.5, na bado utakuwa juu ya kiwango cha CSU. Ndiyo maana nimekuambia tangu mwanzo kwamba umbali si mkubwa.

Katika kuzichagua hizo 27, fuata shahada ya miaka miwili iitwayo Associate Degree for Transfer. Ilianzishwa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 2010, inahitaji yuniti 60 na GPA ya 2.0, na ipo ya kazi ya ustawi wa jamii. Anayeimaliza anahakikishiwa nafasi katika mfumo wa CSU, akiingia mwaka wa tatu, na akiendelea na fani inayolingana anatakiwa kumaliza shahada ya kwanza kwa yuniti 60 nyingine. Uhakika huo ni wa mfumo mzima, hauhusu kampasi unayoitaka. San Diego State, kampasi ya CSU iliyo karibu na nyumbani, ina waombaji wengi kuliko nafasi katika fani zake zote, na ingawa huwaangalia wanafunzi wa vyuo vya jamii vya eneo lake kwa upendeleo fulani, GPA inayohitajika huwa juu ya 2.0. Omba hapo, omba San Marcos, na omba San Bernardino, ambayo ina shahada ya kwanza ya kazi ya ustawi wa jamii. Najua kwamba San Bernardino ni mbali kwa binti anayempeleka baba hospitali, na hilo mtalijadili nyumbani. Ninachokuomba ni kwamba mazungumzo hayo myafanye mkiwa na barua ya kukubaliwa mkononi, kuliko kujinyima kuomba kwa kuhofia umbali. Mwenye kipato kidogo husamehewa ada ya maombi kwa hadi kampasi nne.

Kabla ya kujiandikisha kozi yoyote, ifungue tovuti ya ASSIST, ambayo ndiyo hifadhi rasmi ya makubaliano kati ya vyuo vya jamii na vyuo vikuu vya umma vya California. Utachagua chuo chako, kampasi unayoiendea na fani, nayo itakuonyesha kozi ipi ya kwenu inakubalika badala ya kozi ipi ya kwao. Mshauri wa masomo mwenye haraka anaweza kusahau, na rafiki aliyehamia mwaka juzi anaweza kukuambia jambo ambalo limeshabadilika.

Nageukia msaada wa fedha. Sheria ya shirikisho inakitaka kila chuo kipime kama mwanafunzi anaendelea kwa kuridhisha, na kipimo cha kawaida ni GPA ya 2.0 pamoja na kukamilisha asilimia 67 ya yuniti zote ulizojaribu. Hapa zile kozi tatu ulizoziacha zinakuhukumu, ingawa W, yaani alama ya kozi iliyoachwa, haikuigusa GPA yako: ulijaribu yuniti 52, ukakamilisha 33, yaani asilimia 63. Umeanguka katika vipimo vyote viwili, ila kipo kipengele cha rufaa, na ugonjwa wa mzazi ni miongoni mwa sababu zinazokubalika. Barua ya rufaa inatakiwa iseme kilichotokea, iseme kilichobadilika, na iambatane na mpango wa masomo uliosainiwa na mshauri. Wengi huandika kurasa mbili za kilichotokea na mstari mmoja wa kilichobadilika, wakati msomaji wa rufaa anataka kujua hasa hicho cha pili. Mweleze nani sasa anampeleka baba siku za matibabu, saa zako za kazi zimepungua hadi ngapi, na kwa nini umechukua yuniti 9 badala ya 14. Omba pia hospitali impe baba mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho zinawajibika kutoa huduma hiyo bure, na wewe utarudi darasani.

Iwapo rufaa itachelewa, ujue kwamba ada ya chuo cha jamii California ni dola 46 kwa yuniti, hivyo muhula wa kurudia takwimu na historia utagharimu dola 322 pamoja na ada ndogo ndogo na vitabu. Msamaha wa ada wa jimbo, uitwao California College Promise Grant, ni tofauti na msaada wa shirikisho na una kanuni zake. Mwanafunzi huupoteza akikaa mihula miwili mikuu mfululizo chini ya 2.0 au akikosa kukamilisha nusu ya kozi zake. Uliza leo hii kama bado unao, na kama umeupoteza, nao una rufaa yake.

Jambo la mwisho linahusu simulizi yako. Maombi ya kawaida ya CSU hayana insha, na mashine ya kuhesabu GPA haisomi habari za baba. Hata hivyo upo mpango wa CSU unaoitwa Educational Opportunity Program, kwa ajili ya wanafunzi wa kipato kidogo waliokutana na vikwazo, ambao una maswali ya kujieleza na huweza kukutetea pale alama zinapokuwa za mashaka. Jaza sehemu hiyo. Andika ulichokifanya kwa maneno ya wazi: kutafsiri maelezo ya daktari kwa Kiswahili, kusoma vipimo vya damu, kupanga usafiri wa siku tatu kila wiki. Anayeomba kusomea ustawi wa jamii akiwa amekwisha kuifanya kazi hiyo nyumbani kwao ana jambo la kusema, na hana haja ya kuomba huruma.

SWALI

Mhariri, kijana wangu yuko jimbo la Washington kwa viza ya mwanafunzi. Amemaliza mihula miwili katika chuo cha jamii na GPA yake ni 1.7. Dada yake alihitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa na 3.4, kwa hiyo tumeshtuka sana. Anasema atahamia chuo kingine na kuanza upya bila kuwaonyesha matokeo ya kwanza, halafu aende chuo kikuu. Nimwambie nini?

Mama, Arusha

JIBU

Mama, mwambie asifanye hivyo. Fomu za vyuo vya Marekani humtaka mwombaji ataje kila chuo alichosoma baada ya sekondari, naye hutia saini kwamba amesema kweli. Vyuo vina njia za kuthibitisha mahali mwanafunzi alipojiandikisha, na aliyeficha anaweza kunyang'anywa nafasi hata baada ya kuanza masomo. Kwa mwanafunzi mwenye viza jambo hilo haliwezekani hata kwa kubahatisha, kwa kuwa kumbukumbu zake ziko katika mfumo wa serikali uitwao SEVIS, na hahami chuo mpaka chuo cha kwanza kikabidhi kumbukumbu hizo kwa cha pili.

Kuhusu kulinganisha, Dar es Salaam hupima kwa kipimo cha 5 na Marekani kwa kipimo cha 4, kwa hiyo namba za watoto wako hazisomeki kwa jicho moja. Pamoja na hayo, 1.7 kati ya 4 ni chini ya wastani wa C, na kuna jambo la haraka kuliko GPA. Mwanafunzi wa viza analazimika kuwa na angalau krediti (jina jingine la yuniti) 12 kila muhula, na chuo kikimwondoa kwa sababu ya alama, hadhi yake ya kuishi nchini inaingia hatarini. Aende kwa ofisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kuacha kozi yoyote. Sheria inaruhusu kupunguza mzigo hadi krediti 6 kwa muhula mmoja ikiwa anapata shida ya Kiingereza mwanzoni, hajazoea mtindo wa ufundishaji wa Marekani, au aliwekwa katika kozi isiyo ya kiwango chake, na kuna ruhusa nyingine kwa ajili ya ugonjwa. Ruhusa hiyo hutolewa kabla. Akiacha kwanza na kuomba baadaye, atakuwa amekwisha kuvunja masharti ya viza.

Ningependa pia umwulize kwa upole kinachomsumbua, kwa sababu kijana anayepanga kuficha matokeo mara nyingi anawaogopa wa nyumbani kuliko anavyokiogopa chuo. Akijua kwamba ada uliyolipa haitakuwa fimbo ya kumchapia, ataweza kukaa na mshauri wake na kurudia kozi alizofeli hapo hapo alipo. Washington ina shahada ya miaka miwili ya kuhamia, inayokubaliwa na vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo, na mwenye mihula miwili tu nyuma yake ana muda wa kutosha wa kuijenga.

SWALI

Nilisoma chuo cha jamii hapa Texas kuanzia 2010 hadi 2011, nikapata mtoto, nikaacha nikiwa na GPA ya 1.4. Sasa watoto wamekua na nataka kusomea ualimu. Je, alama zile zitanifuata maisha yangu yote?

Mama wa watoto watatu, Houston

JIBU

Texas ina sheria inayokuhusu wewe hasa, dada. Inaitwa Academic Fresh Start, nayo inamruhusu mkazi wa jimbo kuomba kujiunga na chuo cha umma bila kozi alizozifanya miaka 10 au zaidi kabla ya muhula anaotaka kuanza kuangaliwa katika uamuzi wa kumpokea. Ni lazima uiombe mwenyewe, kwa kuwa ofisi ya udahili haitakupa bila kuulizwa, na transkripti ya zamani bado utaipeleka.

Uzito wake uko hapa: huwezi kuchagua. Ukiitumia, kozi zote za kipindi hicho zinaondoka, pamoja na zile ulizofaulu, na hutapata krediti hata moja kutoka humo. Kama katika mwaka ule ulikuwa na kozi mbili tatu za C au zaidi, nakushauri usikubali kuzipoteza kwa sababu ya F za zamani. Kama ulifeli karibu zote, huna unachopoteza. Fahamu pia kwamba ofisi ya msaada wa fedha inaweza kuendelea kuzihesabu kozi zile katika kipimo chake cha maendeleo, hata kama ofisi ya udahili haizihesabu, kwa hiyo andaa rufaa mapema.

Ukianza katika chuo cha jamii, chagua kozi za msingi za jimbo, zile za yuniti 42 ambazo kila chuo cha umma cha Texas kinatakiwa kuzipokea ukizikamilisha zote, na kabla ya kujiandikisha muulize mshauri wa idara ya ualimu ya chuo kikuu unachokikusudia wanataka GPA gani kumwingiza mtu katika mafunzo ya ualimu. Namba hiyo huwa tofauti na ile ya kuingia chuoni, na ndiyo unayotakiwa kuilenga tangu kozi yako ya kwanza.